Koti Juu ya Kiti

Picha kumi na tisa zilikuwa zimeshapakiwa kwenye pikapu na kufungwa kamba, na ya ishirini ilikuwa inapita mlangoni kwa ubavu, Idah alipowaambia wabebaji wawili wasimame kwanza. Aliingia chumbani, akatoka na blanketi la kijivu, akaifunika picha yote toka juu hadi chini, kisha akachomeka ncha za blanketi kwa nyuma kama mtu anayetandika kitanda.

"Mami, iko na plastiki tayari," alisema binti yake Waruguru, ambaye ndiye aliyeichora.

"Plastiki haizuii baridi. Na wewe unajua kifua cha baba yako."

Picha ilipakiwa na blanketi lake, pikapu ikatoka Witeithie saa mbili na nusu kuelekea Thika. Idah aliketi katikati ya dereva na binti yake, thamosi ya chai magotini.

Kang'ethe, baba yake Waruguru, alikufa miaka tisa iliyopita, siku ya Jumatano, kwa nimonia. Jumanne yake alikuwa amesimama kwenye laini ya hati. Kwa miaka thelathini na mmoja alikwenda Thika kila Jumanne, kwenye ofisi ya kampuni iliyowauzia watu mashamba kwa shea, kufuata hati ya ploti namba mia mbili na kumi na mbili. Hiyo ndiyo ploti waliyojenga, wakapanda nduma, wakalea mtoto. Alibeba bahasha ya kaki yenye cheti cha shea. Jioni alirudi na nusu mkate, akavua viatu, akasema, "Imebaki kidogo." Alisema hivyo kila Jumanne, uso umechangamka, na kila Jumanne Idah alimwamini.

Shule zikifungwa, Waruguru alikuwa akitumwa kumpelekea chakula. Ndiyo maana alimchora kwa mgongo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyomkuta siku zote: sweta ya kijani yenye kiraka cha bluu ambacho Idah alishona, shingo iliyonyolewa vizuri, bahasha kwapani. Mbele yake na nyuma yake walikuwa wengine, migongo tu, watu arobaini na sita pamoja naye, kutoka ukingo wa kulia wa picha hadi kidirisha kidogo upande wa kushoto. Kang'ethe alikuwa wa arobaini.

Maonyesho yaliitwa *Ya Kila Siku*. Yalikuwa ya kwanza ya Waruguru peke yake, na alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Msimamizi alikuwa Mitchell, msichana mwenye miwani mikubwa aliyefanya kila kitu kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika simu. Kulikuwa na picha ya mwanamke wa Mwiki akinyonyoa kuku, ya viatu vya shule vikikauka juu ya mabati, ya mama aliyelala saluni chini ya mashine ya kukausha nywele, ya watu wa bodaboda wakijikinga mvua. Chini ya hiyo ya mvua Mitchell aliweka beseni, akawa analimwaga asubuhi na saa kumi.

Siku ya kwanza watu walikula sambusa na kusema mambo mengi kuhusu rangi. Siku ya pili Idah alirudi peke yake na thamosi yake, akavuta kiti mbele ya picha ya laini, akahesabu. Kang'ethe alikuwa wa thelathini na sita.

"Laini imesonga," alimwambia Mitchell.

Mitchell alikuja na beseni mkononi, akahesabu pia. "Imesonga, shosho. Nne." Wale wanne waliofika dirishani walikuwa sasa wameketi kwenye nyasi, pembeni, bahasha magotini. Mitchell alichukua kalamu, akarekebisha karatasi ya maelezo ukutani: *Waliosimama 42, waliokaa 4.*

Idah hakuwa na haja na sanaa hapo. Mwezi huo huo wanaume waliovaa fulana za kung'aa walikuwa wameingia kwenye nduma zake na kupanda bikoni nne za mipaka, wakamwambia kwa heshima kwamba ploti ina mwenyewe na mwenyewe ana hati. Chifu alimwambia alete karatasi yake kabla ya mwezi kuisha, ama anyamaze. Idah alikwenda Thika kutafuta ile ofisi, akakuta duka la kuuza vioo vya simu. Kampuni ilikuwa imefunga, na hakuna aliyejua ilihamia wapi. Kwa hiyo laini pekee iliyobaki duniani ya kufuata hati ya mia mbili na kumi na mbili ilikuwa hii ya rangi, hapa juu ya duka la dawa za mifugo. Maonyesho yangefungwa Jumamosi ya pili. Mwezi ungeisha Jumatatu yake.

Alimimina chai kwenye kikombe cha bati, akakisogeza kwenye ukingo wa kulia. Mtu wa mwisho kwenye laini alikipokea bila kugeuka, akampa wa mbele yake, naye akampa wa mbele. Kilipofika kwenye sweta ya kijani kilikaa kidogo. Kisha kilirudi, mkono kwa mkono, hadi kwa Idah. Kilikuwa kitupu, na kilinuka rangi ya mafuta. Idah alikipangusa kwa leso. Kama kikombe kimetoka, alijiambia, karatasi haiwezi kushindwa.

Siku ya nne alikuja mzee mmoja kutoka Mwiki, jina lake Philip, aliyestaafu kiwandani. Alikuwa ameingia tu kukwepa mvua. Alisimama mbele ya picha, mwavuli ukichuruzika.

"Mama, hii laini ni ya shea?"

"Ni ya shea."

"Na inasonga?"

"Nne kwa siku. Jana tatu."

"Ile ya ukweli haikuwahi," alisema Philip. Alitoa bahasha yake kwenye mfuko wa ndani wa koti, kwani hakuwa mtu wa kuiacha nyumbani. Mitchell alimwambia mwavuli uliolowa hauruhusiwi karibu na picha, na kwamba kila mgeni lazima aandike kitabuni. Philip aliacha mwavuli kwenye kona. Kwenye nafasi ya maoni aliandika, *Nzuri, inasonga.* Kisha akainua mguu, akavuka fremu, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho.

Saa saba mkewe Nakhumicha alipiga simu ya ukumbi kuuliza kama amwekee ugali. Mitchell aliangalia. "Mama, ako namba thelathini na tisa. Labda umfunikie tu."

Habari ilishuka ngazi, ikavuka barabara. Kufikia mwanzo wa wiki ya pili wengine kumi na saba walikuwa wameingia, kutoka Juja, Ruiru, hata mmoja kutoka Matuu. Karatasi ya maelezo ilichafuka kwa marekebisho, Mitchell akaandika nyingine kwa penseli.

Jumatano alikuja daktari wa meno, Daktari Njau, anayeishi Membley na ana kliniki mjini Ruiru. Alizunguka mara mbili, akabandika kidoa chekundu kando ya picha ya laini. Imeuzwa. "Hii naweka pale wagonjwa wangu wananingojea," alimwambia Waruguru. "Mtu akiona hawa, hataniambia ati nimemchelewesha."

"Daktari, itafika wakati gani kwako?" Idah aliuliza kutoka kitini.

"Jumamosi jioni, mami, mkifunga."

Idah alihesabu tena. Kang'ethe alikuwa wa saba.

Alhamisi, mbele yake walibaki watatu, na kwa mara ya kwanza migongo haikuziba kidirisha. Idah alisogeza kiti. Ndani kulikuwa na meza, rundo la mafaili yaliyofungwa kwa utepe, na kiti. Juu ya kiti kulikuwa na koti la rangi ya majivu. Hakukuwa na mtu. Alitazama muda mrefu, thamosi imefungwa, kisha akamwita binti yake.

"Karani yuko wapi?"

"Hakuna karani, mami."

"Ulisahau?"

"Mimi huchora kile nimeona. Miaka hiyo yote nikileta chakula sikuwahi kuona mtu hapo. Niliona koti. Niliambiwa koti likiwa kwa kiti basi mwenyewe yuko, ametoka tu kidogo."

"Na baba yako alijua?"

Waruguru alikaa chini, sakafuni, karibu na miguu ya mama yake. "Alikuwa analisalimia, mami. Anafika dirishani anavua kofia, anasema habari ya asubuhi. Anangoja kidogo. Halafu anaenda nyasini."

Idah alizifikiria zile Jumanne zote, na nusu mikate yote. Hakukasirika. Aliona tu jinsi mwanamume yule alivyokuwa akipanda kutoka stendi hadi nyumbani akiutengeneza uso wake, ili ufike mlangoni umechangamka.

"Basi tia mtu ndani ya hilo koti," alisema.

"Itakuwa uongo. Watu wanajua mimi siongezi kitu."

"Ongeza uongo mdogo. Wenyewe walituwekea mkubwa, na tukaukalia miaka thelathini."

Jumamosi Waruguru alikuja na brashi tatu na kopo la rangi. Mitchell alisema picha yenye kidoa haiguswi. Waruguru alisema haigusi, anaimalizia. Mitchell alishusha simu kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, akaenda kufunga mlango wa ngazi.

Ilimchukua dakika arobaini. Alimpa karani uso mpana, masharubu, tai ya kahawia, na kalamu sikioni. Alimvisha lile koti mkono mmoja mmoja. Alipomaliza jicho la pili karani alikohoa, akavuta kiti, akafungua dirisha. Kang'ethe alikuwa wa kwanza. Wote walionyooka nyuma yake walijisogeza nusu hatua, Philip naye, na kwenye nyasi watu walisimama wakipangusa suruali.

Kang'ethe alivua kofia. "Habari ya asubuhi," alisema, ingawa ilikuwa saa tisa. "Ni ile ya mia mbili na kumi na mbili."

Idah aliishika ncha ya kiti. Sauti ilikuwa ile ile, yenye kukwaruza kidogo.

Karani alisukuma fomu dirishani. Kang'ethe alijipapasa mifuko yote, kisha akageuza kichwa upande, si kabisa, kiasi cha sikio na shavu. "Maitu," alisema. Hilo ndilo jina alilomwitia Waruguru tangu azaliwe, yaani mama, kwa kuwa alipewa jina la mama mzazi wa Kang'ethe. "Maitu, hukuniwekea kalamu."

Waruguru alichovya brashi nyembamba, akamchorea kalamu ya bluu mkononi. Kang'ethe alijaza fomu polepole kwa herufi kubwa. Karani aliisoma, akafungua utepe, akapekua mafaili moja baada ya jingine, akalamba kidole, akapekua tena.

"Faili iko kwa mkubwa," alisema.

"Na mkubwa?"

"Ametoka kidogo. Wewe kuja Jumanne."

Karani alisimama, akavua koti, akalitundika juu ya kiti, akalinyoosha mabega. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, mlango ambao Waruguru hakuuchora.

Watu kwenye nyasi waliketi tena. Kang'ethe alirudisha fomu kwenye bahasha, akavaa kofia, akageuka. Hapo Idah aliuona uso wake. Ulikuwa umezeeka miaka tisa, kama wake, na ulikuwa umechangamka.

"Imebaki kidogo," alisema.

"Najua," alisema Idah. "Umekula?"

"Nitakula."

Alitembea kando ya laini yote, akiwasalimia watu, akampa Philip mkono, akaenda kusimama mwisho kabisa, kwenye ukingo wa kulia, kando ya kiti cha Idah. Aligeukia mbele, mgongo kwake. Idah alinyoosha mkono, akakigusa kiraka. Uzi mmoja ulikuwa umeanza kulegea. Alitoa sindano kwenye pochi, akaurudishia.

Picha iliingia ukumbini ikibebwa na wanaume wawili. Ilitoka ikibebwa na sita, na blanketi juu.

Sasa iko Ruiru, kwenye chumba cha kungojea cha Daktari Njau. Wagonjwa hawalalamiki, na baadhi yao, wakimaliza kung'olewa jino, huingia nyuma ya laini badala ya kwenda nyumbani. Philip, aliyeanzia nyuma tena, ni wa ishirini na nane. Nakhumicha huja Ijumaa kumgombeza na kumbadilishia shati. Mitchell yuko Nairobi, na ukumbi wa Thika umekuwa duka la magauni ya harusi. Maji ya mvua bado hudondoka pale ambapo beseni lilikuwa, na wameweka ndoo. Waruguru anaendelea kuchora alichoona. Koti la rangi ya majivu limetokea kwenye picha zake mbili za karibuni, moja ya hospitali na moja ya kituo cha polisi, na hakulitia yeye. Karani hajaonekana.

Jumatatu ile chifu alingoja karatasi hadi saa kumi na moja. Ploti mia mbili na kumi na mbili sasa ina nyumba ya ghorofa yenye geti jeusi. Wenyewe ni watu wapole na wana hati, na walimruhusu Idah ang'oe nduma zake kabla ya saruji kumwagwa. Amepanga chumba kimoja hapo hapo Witeithie, ng'ambo ya barabara. Jumanne huamka mapema, hujaza thamosi, na kwenda Ruiru, ambako msaidizi wa daktari amemwekea kiti kando ya ukingo wa kulia. Jumanne iliyopita Kang'ethe alikuwa wa arobaini na moja. Idah alipeleka chai na vipande viwili vya nduma. Kikombe kilirudi kitupu.