Mgeni wa Darini

Mtaa mzima ulimwita Mama Bustani, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Bustani yake haikujua dawa wala kufyekwa. Majani makavu aliyaacha yaoze, ndege aliwawekea beseni la maji, na nyuki akipita kwake wewe ndiye uliyepaswa kumpisha. Fahari yake kubwa ilikuwa ule mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau, alioupanda mwaka alioolewa, ambao sasa ulikuwa umeifunika nyumba ya kale ya wazazi wake toka msingi hadi paa. Marehemu baba yake hakuupenda tangu mwanzo. Aliuita Mgeni, na kila alipoupita alinung'unika: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti alicheka tu. Jembe Mgeni hakupewa, alipewa mbolea.

Ufa ulipotokea chumbani kwa Bibi, mama yake Mama Bustani, akaitwa fundi wa nyumba za kale. Fundi huyu alikuwa na maneno mengi kuliko vifaa. Alipanda ngazi akisimulia majumba yote aliyoyaokoa, akabandua ubao mmoja wa dari, na hapo hapo hadithi ikamkatikia mdomoni.

Mama Bustani akapanda naye kutazama. Mle darini, pasipo hata chembe ya mwanga, Mgeni alikuwa amejaa tele: mashina meupe, manene kama mkono wa mtoto, yamepenya kwenye chokaa, yameng'oa misumari, yamezikumbatia boriti. Dari yote ilikuwa imening'inia kwenye mmea. Chini yake palikuwa na kitanda cha mama yake.

"Mngeniita mwezi ujao," fundi akasema taratibu, "ningekuta kifusi."

"Nimeupanda mimi," Mama Bustani akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Kuuvuta haikuwezekana, maana ukuta ungefuata. Ilibidi ukatwe shinani, ukaukie humo humo, ndipo utolewe kidogo kidogo. Bibi aliombwa ahame chumba. Akakataa katakata, hata kitanda chake hakutaka kiguswe. Tangu mumewe afariki hakuwahi kukubali kulala kwingine, mvua ivuje isivuje, na bintiye aliuita huo ukaidi wa uzee. Basi wakakizungushia kitanda nguzo za kuegemeza dari, na Mama Bustani akachukua msumeno, akaukata mmea wake mwenyewe huku akilia na kuutukana.

Mgeni akanyauka. Fundi akatoa mabaki, akapigilia mbao mpya, akaziba kila tundu. Mama Bustani akashusha pumzi, akadhani yameisha.

Lakini Bibi akaanza kurudisha sahani kama zilivyokuja. Daktari akaja, akapima, hakuona ugonjwa. Siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kupungua, mpaka asubuhi moja bintiye akaketi kitandani na kumsihi amwambie anaumwa wapi.

"Siumwi," Bibi akasema, macho kwenye dari. "Baba yako haji tena."

"Haji wapi, mama?"

"Kila alfajiri alikuwa hapo juu anapapasa viatu. Si unajua gizani hawezi kuviona? Namwambia viko uvunguni, anatulia. Sasa kimya. Mmemfungia nje?"

Mama Bustani akainua macho darini. Shomoro! Fundi alikuwa ameshusha viota vyao pamoja na mashina, na yeye, rafiki wa ndege, alisema tu kwamba maskini watajenga kwingine. Miaka yote aliposikia mama yake akizungumza alfajiri, alidhani anasali. Kumbe ule ukaidi ulikuwa wa mke anayemngoja mumewe. Alijichukia. Alitaka kumweleza ukweli, akaishia kumfunika shuka.

Alimwita fundi tena, akamweleza yote, na mara hii fundi hakusimulia jumba lolote. Alitengeneza visanduku vya mbao vyenye tundu, akavitundika chini ya paa, juu kidogo ya dirisha la Bibi. Mama Bustani akapanda kichaka cha asili pale Mgeni alipokuwa, kisha ikawa kila alfajiri anasimama nje chini ya dirisha, akiomba. Shomoro walikuja, wakachungulia, wakaenda zao. Ndani, Bibi alikuwa sasa anaonja maji tu.

Alfajiri moja shomoro mmoja akatua na unyasi mdomoni. Akaingia. Kucha zikakwaruza mbao, kimya, zikakwaruza tena. Ndani kitanda kikalia.

"Umechelewa," sauti ya Bibi ikasema. "Viko uvunguni."

Mama Bustani akaingia mbio, miguu imelowa umande. Bibi alikuwa ameketi, anaulizia chakula. Binti akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Viatu vya baba yake, alivyodhani viligawiwa tangu msibani, vilikuwa pale, vimeelekezwa mlangoni, na rangi viliyopakwa, ile ile iliyokuwa vidoleni mwa Bibi, ilikuwa bado mbichi.