Kupe wa Madoa

Siku ya uzinduzi wa josho la kijiji chetu, kila jiwe la kando ya njia lilipakwa chokaa. Hata kile kisiki kinachotung'oa kucha miaka yote kilipakwa. Mgeni rasmi alikata utepe, akatusifu kwa kulipa ushuru bila kukwepa, kisha ng'ombe wakaanza kutumbukia. Maji yalikuwa meupe pe, kama maji ya josho yanavyotakiwa kuwa.

Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja tu, Madoa. Marehemu mume wangu alimnunua mnadani Nyansurura akiwa mtamba, na maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha mwanangu Daudi. Sasa alikuwa na mimba. Ndama wa tumboni tulishamwahidi kwa wakwe wa Daudi, ili mahari iishe na mke wake aache kusemwa.

Madoa alipopanda upande wa pili akichuruzika maji, nilinusa. Dawa ya kuogeshea inachoma pua. Hii ilinuka ukuta mpya.

"Mura, kijana wangu, mbona dawa yenu hainuki?" nilimuuliza Godwin, bwana mifugo wetu, aliyesimama pale na shati la pasi kali.

"Shikamoo, Mama Daudi. Hiyo ni ya kisasa, haina harufu. Na nyumbani msipulizie nyingine, zitagombana."

Nikamwamini. Amesomeshwa kwa kodi zetu, nilidhani angalau kichwani mwake kuna kitu chetu.

Kesho yake mgongo wa Madoa ulikuwa na ukoko mweupe. Nikasema dawa imeshika. Lakini kupe walizidi kunenepa masikioni mwake, kana kwamba walikwenda kuoga tu. Nikawa nawang'oa kila asubuhi na kuwatia kwenye kopo lenye kifuniko, nikisubiri dawa ya kisasa ifanye kazi. Haikufanya. Tezi zikamvimba chini ya masikio, akakohoa, povu likamtoka puani. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na ndama wake tumboni.

Jirani yangu Heche alikuja kunisaidia kuchuna. Alichuna mpaka kwenye mbavu, ndipo akaweka kisu chini.

"Mama, mimi ndiye niliyepaka yale mawe. Chokaa ilibaki. Godwin akaniambia niimwage joshoni, mgeni asikute maji matupu. Hela ya dawa ilishaliwa."

Nilitema mate.

Ngozi niliipeleka mnadani, angalau nipate ya chumvi. Kabla sijaitua, Sharon, binti wa ushuru, akanisimamia na mashine yake.

"Shikamoo mama. Ushuru wa ngozi."

"Wa ngozi ya ng'ombe mliyemuua nyinyi?"

"Mimi naagizwa tu, mama."

Mashine ikalia, ikatoa karatasi. Nilikuwa nimepanga kuwachoma wale kupe siku hiyo hiyo. Nilirudi nyumbani, nikalitazama kopo, nikaacha. Walikuwa hai bado, wamejaa damu ya Madoa. Niliwaona nikawaona na wakubwa wetu.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa pale joshoni, Godwin alikaa meza kuu, soda mbele yake. Akasimama kutangaza kwamba josho linahitaji mchango mpya, wa dawa.

Nikaenda mbele. Watu walinipisha, walijua nimefiwa na ng'ombe. Nikafungua kopo, nikalimimina mezani, katikati ya makaratasi na soda.

"Hawa ndio walionufaika na mradi wenu," nilisema. "Waulizeni kama wanataka kuchangia."

Kupe wakatawanyika. Viti vikaanguka. Mwenye kuruka juu zaidi alikuwa Godwin, anajipiga mapaja, anakung'uta suruali.

"Dawa! Leteni dawa!"

Hakuna aliyenyanyuka. Kutoka nyuma Heche akapaza sauti, "Bwana mifugo, josho si hilo hapo? Katumbukie!"

Kijiji kizima kikacheka, hata mtendaji akageuka pembeni kuficha meno. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Godwin tu. Josho lilikuwa mbele yake, jeupe pe, na hakuligeukia hata kidogo. Alipanda pikipiki yake, akaiondoa mbio hadi duka la dawa za mifugo.

Kumbe dawa ya kweli alikuwa anajua inapouzwa.