Mama Maka Ameaga

Idman alianza kuchekesha watu kwa kalamu akiwa shule ya upili Garissa, alipoandika mchezo kuhusu mwalimu wa zamu aliyekimbizwa na mbuzi. Baada ya chuo alibeba miswada yake hadi Nairobi. Stesheni mbili za televisheni zilimkataa. Ya tatu ikampa kazi ya kuandika vichekesho vifupi vya kujaza nafasi kati ya vipindi. Alivumilia, na hatimaye akapewa kipindi chake mwenyewe, *Geti la Bluu*, kuhusu majirani wa ploti moja ya Garissa. Akarudi kukiandikia nyumbani kwa mama yake, maana Nairobi hakusikia mtu yeyote akigombana kwa utamu unaotakiwa.

Nyota wa kipindi alikuwa Mama Maka, mwuza maziwa ya ngamia aliyetatua ndoa za watu wote ingawa yake ilivunjika zamani. Aliyemwigiza ni Ruweyda, msichana aliyechorwa makunyanzi na kufungwa mto kiunoni.

Siku moja Ruweyda alipiga simu. "Abaayo, dada yangu, nimechoka. Jana mzee mwenye mvi aliniita hooyo, eti mimi mama yake! Niondoe, nikaigize mapenzi kabla sijazeeka kweli."

Mureithi, mtayarishaji wa kipindi, alishauri Mama Maka asafiri tu.

"Akisafiri, kila wiki wataniuliza anarudi lini," Idman alisema. "Bora afe."

Akaandika hivi: Mama Maka ameenda Hulugho kuangalia ngamia wake. Simu inaita plotini, sauti inasema, "Mama Maka ameaga," kisha mtandao unakatika. Majirani wanaangua kilio. Idman mwenyewe alilia akiandika, akadhani ni dalili njema.

Kesho yake baada ya kipindi kurushwa, alienda kununua nyama kwenye buchari ya Ogle.

"Wewe unaua Mama Maka, halafu unataka mbavu?" Ogle alimwuliza, akamfungia mifupa mitupu.

Nyumbani alikuta wanawake wa mtaa wameketi mkekani na mama yake, nyuso zimewashuka. Mmoja alikuwa amekuja na sukari ya matanga.

"Hooyo, si mtu wa kweli!"

"Najua," mama yake alijibu, akijifuta macho kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. "Na wa kweli ni wangapi walionichekesha tangu baba yako atutoke?"

 Idman aliingia jikoni akawapikia chai.

Wiki hiyo Ruweyda alikuja Garissa kwa harusi ya binamu yake, akapitia sokoni kutafuta uvumba. Bila makunyanzi hakuna aliyemtambua, mpaka alipoanza kubishana bei.

"Sauti hiyo!" mwuzaji alipiga ukelele. "Wallahi ni yeye! Yu hai!"

Soko likamzunguka. Wanawake walimkumbatia, wakamshika mashavu, wakamjazia zawadi mikononi. Alifika kwa Idman akicheka na kulia kwa pamoja, kakumbatia dumu la maziwa.

"Nirudishe," alisema. "Lakini na mimi nipendwe huko ndani ya kipindi."

"Nitakurudishaje? Umekufa!"

"Kwani mlinizika?"

Idman alifungua mswada. Kaburi halikuwepo. Maiti haikuwepo. Palikuwa na neno moja tu: ameaga. Akapiga meza kwa furaha. "Hata anayeanza safari huaga!"

Mureithi aliposimuliwa alicheka mpaka akashindwa kuzungumza. Katika kipindi kilichofuata, Mama Maka aliingia getini na vumbi lake lote la njiani, akakuta majirani wanagombania mitungi yake.

"Nyinyi mtu akiaga," alifoka, "hamngoji hata afike?"

Nyuma yake alisimama mfugaji mpole wa Kutulo, kambebea mzigo, macho chini, akichekacheka kwa haya. Ruweyda alikuwa amepata mapenzi yake.

Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, safari hii na sambusa. Kipindi kilipoisha, mama yake Idman alitoa hukumu.

"Huyo wa Kutulo ana adabu. Lakini mwambie apunguze kuchekacheka. Mwanamume aliyekuja kuposa huwa na hofu."

"Nitamtia hofu, hooyo."

"Na asichelewe kuposa. Sisi tuko tayari."