Ruhusa ya Nkwabi

Barua ya Donatus ikifika Tinde haikuwa barua ya mtu mmoja. Ilikuja na basi la kutoka Shinyanga, na kabla dereva hajazima injini, mafundi cherehani wa kando ya barabara walikwisha kuondoa miguu kwenye pedeli, wauza michembe ya viazi vikavu wamefunika vikapu vyao, na wote wanaelekea hotelini kwa Paskazia. Hoteli yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya udongo, mabenchi sita na birika la chai ambalo halikuwahi kupoa. Paskazia, ambaye wengi walimwita Mama Valerian, hakujua kusoma, lakini hakuna aliyejua habari za watu kumpita. Alijua nani kaposa Kharumwa, nani kafukuzwa machimboni Geita, na nani anadanganya kwamba hakufukuzwa.

Msomaji wa barua alikuwa Mwalimu Thobias, katekista mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akikohoa tu, hoteli nzima inanyamaza.

Donatus alikuwa mdogo wake Paskazia, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Nkwabi. Alikuwa amemaliza Makerere, akafundisha miaka miwili, halafu Padri Eustace wa misheni akamtafutia nafasi Amerika, kwenye chuo kikuu cha Wajesuiti, achukue digrii ya pili juu ya vyama vya ushirika vya wakulima. Aliondoka mwaka 1955, mwezi wa tisa.

"Wajesuiti ndio nani?" Paskazia alimwuliza Padri siku ile.

"Ni shirika jingine la mapadri, Mama Valerian. Kazi yao kubwa kusomesha watu."

"Basi wanamfuga," alidakia Mageni, dereva wa lori la pamba, mdomo umejaa andazi. "Atarudi na kanzu, mtaona. Mzee Nkwabi atakosa wajukuu wa ukoo wake."

"Kanzu ivae wewe, Mageni, ufiche hicho kitambi," Paskazia akamjibu, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Chuo chenyewe kiliwapa kazi kukielewa. Barua ya kwanza ilisema yuko kituo cha mjini. Baada ya miezi kadhaa ikaja nyingine: amehamia kituo cha mlimani, kwenye maktaba kubwa, na kipo pia kituo cha tatu, ng'ambo ya mto. Chuo kimoja, vituo vitatu. Watu wa Tinde walikuwa wamezoea reli. Wakaelewa kwa namna yao.

"Ni kama treni ya kutoka Mwanza," alieleza Mageni akichora mezani kwa chai iliyomwagika. "Hapa Mwanza, hapa Shinyanga, hapa Tabora. Ameshapita viwili. Akifika cha tatu, anashuka."

Mzee Nkwabi, aliyekuwa ametembea saa nzima kutoka nyumbani kwake kuja kusikiliza, aliitikia kwa kichwa polepole, akaridhika. Paskazia naye akaridhika. Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza habari za Donatus alijibiwa: bado kituo kimoja.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka 1956, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, kifua kilimbana Nkwabi siku tisa, na ya kumi akafa. Hakuwa amebatizwa. Alizikwa kama alivyowazika wenzake, pembeni mwa zizi, ndani ya ngozi ya ng'ombe. Mdogo wake, Maganga, alifika kutoka Kharumwa akiwa ametembea usiku na mchana, akamkuta kaka yake yuko chini ya udongo.

Siku ya tatu walikaa watatu: Maganga, Paskazia, na Mbuke, mjane wa Nkwabi, mama yao Paskazia na Donatus, aliyekuwa amejifunga kaniki ya msiba na hajaongea tangu maziko.

"Donatus aambiwe?" aliuliza Paskazia.

"Aambiwe yuko wapi?" Maganga alisema. "Yuko njiani. Lini umeona mtu akaambiwa msiba akiwa njiani? Aanguke huko, nani atamwokota?"

Ndivyo ilivyokuwa kwao, na ndivyo ilivyo kwa wengi mpaka leo. Mtu akiwa safarini hapewi habari ya kifo. Ataambiwa mgonjwa ana hali mbaya, basi. Atafika, atapewa kigoda, atanawa, atakula hata matonge mawili, ndipo mkubwa mmoja atasogea karibu naye. Aliyefiwa na baba porini, peke yake, watu husema amefiwa mara mbili.

"Bado kituo kimoja," Paskazia akasema.

"Si ndiyo hapo. Miezi michache. Tutavumilia."

Kuvumilia kulikuwa na maana yake. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayekabidhiwa upinde wa baba na bangili ya shaba ya mababu, na mpaka akabidhiwe msiba haufungwi. Ng'ombe hawagawanywi. Mjane hanyoi nywele, hajipaki mafuta, hatoki kwenda ngomani wala mnadani. Mbuke alisikia yote hayo yakipangwa juu ya kichwa chake, akaitikia kwa macho tu.

Ikabaki shida moja. Siku zote barua za kwenda Amerika zilikuwa za Nkwabi. Yeye ndiye aliyeketi kwenye benchi la mbele akatoa maneno, Thobias akaandika. Barua ya Desemba ikaja, Donatus anauliza, baba mbona kimya?

"Andika," Paskazia alimwambia Thobias. Hoteli ilikuwa imejaa. "Mimi baba yako Nkwabi, ni mzima."

Kalamu ya Thobias ilisimama.  Kisha kutoka nyuma ikaja sauti ya Mageni, ya upole kuliko ilivyowahi kusikika: "Andika tu, Mwalimu. Kijana yuko njiani."

Akaandika. Na Tinde, mji mdogo ambao mtu hawezi kuchinja kuku bila jirani kujua ni jogoo au tetea, ukafunga mdomo. Padri Eustace alipouliza habari za nyumbani kwa kina Donatus, wauza michembe walimwambia wote wazima, asante, wabeja sana, Padri. Hata watoto waliambiwa wasiseme.

Barua ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza, na ya tatu nyepesi zaidi. Paskazia aligundua kwamba baba anayemsemea ni mtu rahisi kupendwa. Nkwabi wa kweli alikuwa na maneno machache, na mengi kati ya hayo ni ya ng'ombe. Huyu wa barua alisifu. Alisema naota unarudi. Alisema mwanangu, najivuna. Watu waliosikiliza walifuta macho kwa ncha za kanga, na Paskazia akapata moyo wa kuongeza.

Mwisho wa mwezi wa pili, 1957, ikaja barua nene. Thobias alikohoa, akaanza kwa sauti yake ya kanisani. Mitihani imekwenda vizuri. Kitabu anachoandika kuhusu ushirika wa pamba kimebaki sura moja, kitakuwa tayari Juni. Wakapiga makofi. Halafu Thobias akapunguza mwendo.

"Baba, mapadri wameniita. Wanataka niendelee na digrii ya tatu, ile ya udaktari wa elimu, kwenye kituo cha ng'ambo ya mto. Ni miaka minne. Vituo hivi si hatua, baba, naona barua zako zinafikiri hivyo. Mtu anaweza kusoma kimoja akamaliza. Kwenda huko ni safari mpya. Nimewaambia siwezi kusema ndiyo wala hapana mpaka wewe useme. Nataka neno lako, kabla ya Pasaka. Ukisema rudi, narudi Juni. Ukisema kaa, nitakaa."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Miaka minne," alisema fundi cherehani mmoja, akaanza kuhesabu vidole kama vile hesabu ile ilihitaji vidole.

"Mruhusu," Mageni alisema. "Daktari wa elimu kutoka Tinde! Mzee mwenyewe angekuwa hai..."

"Angekuwa hai angejibu mwenyewe," Paskazia alimkata.

Maganga aliitwa kutoka Kharumwa. Alikuja siku ya nne, akapewa chai, hakuigusa. "Andika baba yako amekataa," alisema. "Andika rudi. Yule mama amekaa na nywele zile tangu mvua za kwanza. Ng'ombe wanakufa hawana mwenyewe. Nkwabi akatae, kijana arudi, tufunge msiba. Uongo ni ule ule, unaongeza mstari mmoja tu."

"Na akija kujua kwamba aliyemkataza ni marehemu?"

"Atajua ameshakula, ameshaketi. Ndiyo taratibu."

 Paskazia alimwachia birika shangazi mmoja, akajitanda kanga, akaenda kwa mama yake. Njia nzima alikutana na watu wanaotaka kujua, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusimama kuongea na hata mmoja.

Mbuke alikuwa uani akichambua mtama. Paskazia aliketi, akamsimulia yote: vituo, miaka minne, Pasaka, Mageni anavyotaka, Maganga anavyotaka. Mama alisikiliza, ungo haukutulia.

"Mayu, baba angesema nini?"

"Sijui."

"Hujui kweli?"

"Nimelala naye nyumba moja miaka arobaini, ng'wanone, mwanangu. Siku ile Donatus alipoomba kwenda Makerere nilijua atakataa, akakubali. Ulipotaka kufungua hoteli nilijua atakubali, akakaa mwaka mzima hazungumzi na wewe. Sijui angesema nini." Alipuliza makapi. "Wewe ndiye unayejua? Maana ndiye unayemsemea."

Paskazia aliinamisha uso. Haukuwa ukali. Mama aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Na hilo ndilo lililomuumiza.

"Nilidhani yuko njiani, mayu."

"Mimi pia. Lakini njia gani hiyo, mtu anakaa mwaka na nusu, ana kitanda, ana marafiki, anaulizwa kama atabaki? Huyo hayuko njiani. Huyo amekaa. Mtu aliyekaa anaambiwa."

Jioni ile Paskazia alimwita Thobias. Hakufunga mlango, aliona kwamba kama watu walishiriki uongo wote, basi na hili walisikie. Maganga alikaa pembeni, mikono kifuani.

"Andika. Mimi dada yako Paskazia." Jina lake lilikuwa halijawahi kuanza barua. "Kaa chini kwanza, ndipo usome. Kama kuna rafiki yako karibu, mwite. Baba yetu alifariki mwezi wa kumi na moja. Ni kifua. Alizikwa vizuri, baba mdogo Maganga yuko, mama yuko. Barua zote ulizopata tangu hapo nilizisema mimi. Tulidhani uko safarini. Ruhusa unayoiomba sina. Hakuna aliye nayo hapa."

Maganga aliondoka kabla wino haujakauka. Hakuaga.

Pasaka ikapita. Mvua za masika zikapita. Watu walikuja hotelini, wakanywa chai, hawakuuliza. Paskazia alichoma maandazi mara mbili kwa wiki moja, na Mageni, aliyekuwa hakosi neno, alikula yale yaliyoungua akasema matamu.

Jibu lilifika mwezi wa tano. Bahasha ilikuwa nyembamba. Thobias aliitazama, akaisogeza mezani bila kuifungua.

"Imeandikwa jina lako," alisema. "Lako peke yako."

Watu walianza kusogeza mabenchi. Paskazia aliwatazama, hawa waliokula na kulia naye, akasema, "Ndugu zangu, leo niacheni." Wakatoka mmoja mmoja, bila manung'uniko, na wa mwisho akavuta mlango. Hoteli tupu ilikuwa kitu asichokijua.

Thobias alisoma kwa sauti ya chini.

"Dada, shikamoo. Nilikaa chini kama ulivyosema. Padri mmoja wa hapa, mzee, alikaa nami mpaka asubuhi, hakusema kitu. Nimewasomea wenzangu barua za baba tangu Krismasi. Kuna moja nimeibandika ukutani juu ya kitanda, ile inayosema, mwanangu, hata ukienda mbali namna gani, mimi nakuona. Kila nilipochoka nilisoma hiyo. Sikulaumu leo, labda nitakulaumu kesho. Naomba jambo moja. Niambie yapi yalikuwa maneno ya baba na yapi yalikuwa yako. Lile la ukutani ni la nani? Nikijua, nitaamua."

Thobias alivua miwani. Nje, lori lilipita likielekea Kahama, vikombe vikatetemeka.

Paskazia angeweza kusema ni la baba. Nani angempinga? Kijana angebaki na kitu ukutani. Pengine angebaki huko pia, akawa daktari, na baba mwenye maneno matamu angeendelea kuishi ng'ambo ya mto. 

"Andika," alisema. "Lile la ukutani ni langu. Najivuna, langu. Naota unarudi, langu pia, lakini hilo ni kweli. Barua ya mwisho ya baba ni ile ya mwezi wa tisa. Humo alisema yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, na kwamba zizi upande wa magharibi limeoza, linataka nguzo mpya, na akauliza kama huko kuna mti usioliwa na mchwa. Hakusema zaidi. Nilimwomba aongeze neno zuri, akaniambia, hilo la mti lanitosha."

Thobias aliandika hadi mwisho. "Nisome?"

"Hapana. Nimesikia."

Simu ya maandishi ilifika Shinyanga wiki nne baadaye, na Padri Eustace akaileta Tinde mwenyewe kwa pikipiki, kanzu imejaa vumbi. Donatus anamaliza digrii ya pili. Digrii ya tatu ameiacha. Ataondoka mwisho wa Juni.

Paskazia hakuitangaza hotelini. Aliipeleka kwanza kwa mama yake, akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Anarudi, mayu."

Mbuke aliacha alilokuwa akifanya. "Nani kamwambia arudi?"

"Hakuna. Kaamua mwenyewe."

"Amekukasirikia?"

"Sijui. Simu ina maneno machache."

"Atakukasirikia," mama alisema. "Akifika atakaa siku nyingi hakusemeshi, kama baba yake. Umpikie tu."

Paskazia akaitikia kwamba atampikia.