Magurudumu ya Kiberenge

Mimi Vitalis nina mdomo, nakubali. Nimefanya kazi karakana ya reli mtaa wa Gerezani miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu nilikuwa nakijua kuliko mke wangu anavyoujua ugali, ni chuma. Nipe kipande mkononi, nitakwambia kilo zake. Ndivyo nilivyokuwa najigamba, na watu hawakunibishia, labda kwa kuogopa sauti yangu.

Mwaka ule wa sabini na tatu tulianzisha kikundi cha kunyanyua vyuma, vijana saba, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana. Vifaa vya dukani hatukuwa navyo, na wala sikuvitaka. Kujitegemea, bwana! Fomeni alituruhusu kuchagua kwenye lundo la vyuma chakavu. Nikachagua mwenyewe: bomba nene lililonyooka, na magurudumu mawili ya kiberenge, kile kigari cha wakaguzi wa njia ya reli. Yalilingana upana, yalilingana hata kutu. Awadhi, mmoja wa vijana wangu, akasema, "Mwalimu, si tuyapitishe kwenye mizani kwanza?"

Nikamkata jicho. "Mkono huu ndio mizani!" Nikayavisha magurudumu kwenye ncha za bomba, nikapima katikati yake, nikachora chaki mahali pa kushika, kushoto na kulia, mambo yakaisha.

Zoezi letu kubwa lilikuwa kuchuchumaa na mzigo mabegani na kuinuka nao. Visigino chini, kifua mbele, macho ukutani. Nyuma ya kila kijana nilining'iniza timazi, ile kamba yenye risasi wanayotumia waashi, nione mgongo unashuka vipi. Sita walikuwa sawa. Wa saba, Nassibu, kuli wa soko la Kariakoo, alinitoa roho. Huyo angeweza kubeba magunia mawili bila kuguna, lakini kila akishuka na chuma changu alilalia kulia.

"Unainama, we mtoto!"

"Samahani, mwalimu."

"Samahani hainyooshi mgongo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Wiki sita namfokea, wiki sita anaitikia "ndiyo, mwalimu" na kuchuchumaa tena. Sherehe za Saba Saba zilikuwa zinakaribia, na kamati ilitaka majina sita ya watakaoonyesha uwanjani. Nassibu alikuwa ameshawaandikia wazazi wake Kilwa kwamba atakuwepo. Baba yake alikuwa ameomba lifti ya lori ili aje kumwona. Mimi Ijumaa nikamkata jina. Alikwenda kukaa juu ya tofali na kuangalia miguu yake, nami nikajifanya sikumwona.

Jumamosi alasiri, nikiwa na karatasi ya majina mfukoni, akaingia shangazi yake uwanjani. Bi Zamzam huuza nafaka kwa jumla Kariakoo, mwanamke wa maneno, na siku hiyo alikuja amejifunga kanga kiunoni.

"Fundi Vitalis! Mwanangu umemkataa kwa lipi?"

"Ana kombo, Bi Zamzam. Tazama mwenyewe."

Nikamwita Nassibu, akajitwika chuma, akashuka. Alilalia kulia kama kawaida yake. Bi Zamzam akamtazama kidogo tu, kisha akayatazama magurudumu.

"Mimi tangu asubuhi hadi jioni naangalia mizani," akasema. "Mtoto huyu hana kombo. Mzigo wako ndio una kombo."

Nilicheka peke yangu. Awadhi na wenzake walikuwa wameinamisha vichwa.

"Kuna nini?" nikauliza.

Awadhi akakohoa. "Mwalimu, usikasirike. Sisi tunalisogeza bomba vidole vitatu kushoto. Ukigeuka, tunasogeza. Nassibu tu ndiye anayeshika kwenye chaki. Tulimwambia, akasema mwalimu ndiye aliyechora."

Hasira ilinipanda, halafu ikakosa pa kwenda. Nikasema twende tukapime, niwaaibishe wote! Tukayavingirisha magurudumu hadi Kariakoo, watu wakitupisha na kuuliza kama kiberenge kimehamia sokoni. Bi Zamzam akayaweka, moja baada ya jingine, kwenye mizani yake ya kupimia magunia. La kwanza, kilo ishirini na nane. La pili, thelathini na mbili.

Duka zima lilipasuka kwa kicheko. "Mkono wa fundi uko likizo!" mtu mmoja akapiga kelele. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

"Sema umekosa," Bi Zamzam akaniambia.

Nikasema, "Kwanza tuone."

Akapima kilo nne za maharage, akazifunga kwenye kitambaa, nasi tukarudi uwanjani na nusu ya soko nyuma yetu. Tukayarudisha magurudumu kwenye bomba, tukaufunga mzigo wa maharage kwenye lile jepesi. Nassibu akashika kwenye chaki.

"Mara nane," nikasema. "Nahesabu mimi."

Moja. Mbili. Loo! Alishuka wima, akapanda wima, timazi na mgongo wake vimekwenda sambamba kama reli. Tatu, nne. Vigelegele vikaanza. Kufika ya sita nikawa nahesabu kwa kunong'ona. Niliwaza wiki sita za kumfokea kijana ambaye kosa lake lilikuwa kuniamini. Nane nikaiona inapita, sauti haikutoka. Tisa. Kumi. Watu wanaruka, Bi Zamzam anamwaga vigelegele na machozi pamoja. Kumi na mbili. Miguu ya Nassibu ikaanza kutetemeka.

"Tua!" Awadhi akapiga kelele. "Zimeshapita, Nassibu, tua!"

Nassibu hakugeuza hata shingo. "Mwalimu hajasema."

Akashuka ya kumi na tatu. Nikamkimbilia, nikalikamata bomba kwa mikono yangu yote miwili alipokuwa anapanda, uso wangu na wake karibu kugusana.

"Basi, mwanangu," nikasema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Basi. Nimekosa mimi."