Mikwaruzo Miwili Ndani ya Kifuniko

Ukutani mwa duka la Bi Sekunde, fundi wa saa, kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: SAA NILIYOIFUNGA MIMI IKIINGIA MAJI, NJOO UNITUKANE. Miaka kumi na sita, hakuna aliyekuja kutukana. Na alivyokuwa akikiringia kibao hicho, we acha tu! Mteja akiingia huonyeshwa kibao kwanza, salamu baadaye.

Basi asubuhi moja akaingia Mwalimu, mzee aliyefundisha watu kuogelea mpaka akastaafu. Akaweka saa juu ya kaunta. Ilikuwa saa ya mkono ya kupimia mbio, ile yenye vibonyezo viwili ubavuni, kimoja cha kuanzisha na kingine cha kusimamisha. Ukungu ulikuwa umetanda chini ya kioo na mishale yote imeganda.

"Shikamoo, Mwalimu. Kulikoni tena?"

"Marahaba. Muulize binti yangu." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Au basi, usimuulize. Nimemfukuza nyumbani."

Bi Sekunde akavua miwani. Saa ile aliijua vizuri. Marehemu mke wa Mwalimu alimnunulia mumewe siku aliyostaafu, na kabla mwezi haujaisha akafariki. Tangu hapo mzee hakuivua ila alipoileta dukani, mara moja kwa mwaka, ibadilishwe raba. Mara ya mwisho ilikuwa wiki sita tu zilizopita.

"Aliniomba nimwazime, apime mbio za wanafunzi wake bwawani," alisema Mwalimu. "Mtoto mmoja akazidiwa na maji, binti yangu akajitosa kumtoa, saa iko mkononi. Anaapa hakubonyeza kitu. Toka lini? Wewe mwenyewe si ulitupigia kelele hapa, mimi na yeye, mpaka masikio yakatuuma? Vibonyezo msiviguse ndani ya maji! Mkitoka bwawani isuuzeni kwa maji safi! Msiingie nayo kwenye maji ya moto!"

"Nilisema, ndiyo."

"Siku tisa hizi anapiga simu, sipokei. Ifungue. Nataka nisikie kwako kwamba alibonyeza."

Bi Sekunde akavuta kiti, akaifungua saa kwa nyuma. Na wewe usiyejua mambo ya saa, jua hili tu: saa ya namna hii ina matundu mengi kuliko saa ya kawaida, na kila tundu linalindwa na kipete cha raba. Vibonyezo vina vyake, kifuniko cha nyuma kina chake. Ukibonyeza ndani ya maji, kibonyezo husogea, na maji hupenya hapo hapo. Kwa hiyo akaanza na vibonyezo. Akawasha taa, akatia lenzi jichoni, akachungulia. Vikavu. Hapakuwa na kutu wala unyevu.

Basi maji hayakupitia hapo. Akageuza kifuniko.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na tarehe ya wiki sita zilizopita, na chini yake mikwaruzo miwili midogo ya sindano. Ilikuwa alama yake, aliyorithishwa na fundi aliyemfunza kazi: mmoja, nimebadilisha raba za vibonyezo; wa pili, nimebadilisha raba ya nyuma. Na raba ya nyuma ilikuwa ile ile ya zamani, imekauka, imepasuka, nyeusi kama uzi wa kiatu kikuukuu. Kutu ilikuwa imeanzia hapo ikatambaa kuingia ndani.

Lo! Akakumbuka yote. Ile tabia yake ya kukwaruza mikwaruzo yote miwili mwanzoni, ili apulize vumbi la chuma mara moja tu. Alibadilisha za vibonyezo, simu ikaita, dada yake ana maneno yasiyoisha. Aliporudi kwenye meza akaona mikwaruzo miwili. Akaiamini. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kupimia kama saa inavuja haikuwaka, na Mwalimu alikuwa amekaa pale pale akisubiri. Akafunga. Fundi mzima, amedanganywa na mkono wake mwenyewe!

"Enhe?" Mwalimu aliuliza. "Alibonyeza, sivyo?"

Ilikuwa rahisi mno, jamani. Kutikisa kichwa tu, basi. Mzee alishaamini, kibao kingebaki ukutani, na nani angekuja kuchungulia raba? Bi Sekunde akainua raba kwa kibano, akailaza juu ya kitambaa cheupe. Akilini akamwona binti yule alivyosimama hapo kaunta mwaka juzi, akirudia masharti yote neno kwa neno ili ampendeze baba yake.

"Hakubonyeza," alisema. "Maji yameingilia nyuma. Mimi ndiye niliyerudishia raba kuukuu, nikaandika kwamba nimeweka mpya. Kosa ni langu, Mwalimu. Kibao kile pale. Nitukane."

Mwalimu akakitazama kibao. Akatazama raba iliyopasuka juu ya kitambaa cheupe.

"Nikutukane wewe? Mimi ndiye niliyemtupia begi lake nje. Majirani wanaangalia." Akatoa simu, akatafuta namba, akapiga. Akamsogezea Bi Sekunde. "Zungumza wewe. Mwambie kama ulivyoniambia."

Simu haikumaliza hata mlio wa kwanza. "Baba?"

"Si baba, mwanangu. Ni mimi, fundi wa saa. Nimeifungua, na baba yako yuko hapa. Saa imeharibika kwa uzembe wangu. Wewe hukubonyeza kitu."

Bi Sekunde akasikia binti anavuta pumzi.

"Najua sikubonyeza, shangazi. Nilimwambia siku ile ile." Sauti ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Bi Sekunde. "Nilitaka aniamini kabla hamjaifungua."

"Amesemaje?" Mwalimu alikuwa ameinuka, ameinama juu ya kaunta, macho yamemtoka. "Amefurahi? Anarudi leo?"

Bi Sekunde alidhani ameshasema neno lake gumu kuliko yote siku hiyo. Akatamani amwambie mzee, ndiyo, amefurahi.

"Anasema alitaka umwamini kabla sijaifungua."

Mwalimu akaichukua simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. "Mwanangu," akaita. "Mama. Baba yako hapa." Akangoja, akaita tena, taratibu zaidi. Bi Sekunde alisikia mlio wa simu iliyokwisha kukatwa upande wa pili, lakini mzee aliendelea kuibana sikioni.