Fahali Asiyejulikana Bunda

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijijini, Mwikwabe alitamba Musoma nzima kwamba fumbo lake la maneno halina wa kulijaza. Alilichora mwenyewe katika gazeti dogo la ushirika, lililosomwa na wakulima waliojua kusoma tangu juzijuzi. Ambaye angejaza visanduku vyote angeandikwa jina ukurasa wa mbele. Miezi mitano, hakuandikwa mtu.

Mwezi wa sita ikaja bahasha, majibu yote sahihi. Mwanahalima, mhariri na mpiga chapa wa gazeti, akalisoma jina mara mbili.

"Ndugu Mwikwabe, huyu Ryoba wa Butiama ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Umetuua! Watasema unampenyezea majibu."

"Sijampa hata herufi!"

"Hebu nione. Saba kushuka: 'Fahali wa baba yangu.' Mimi nimjulie wapi fahali wa baba yako?"

"Karani? Butiama nani asiyemjua Karani? Tulimwita hivyo kwa sababu alitangulia wenzake kila asubuhi na hakuvuta jembe hata siku moja."

Mwanahalima hakucheka. "Wenzako wanalima pamoja, wewe unahodhi maneno. La mwezi ujao lisipojazwa na mtu asiye wa ukoo wako, ukurasa naweka ratiba ya dawa ya pamba."

Mwikwabe akanywea. Aliishia darasa la nne, na ni ukurasa ule tu uliofanya aitwe mwalimu sokoni. Jumamosi akapanda basi hadi Bunda na fumbo jipya, kwa shemeji yake Boke, aliyekuwa akichambua pamba, safi huku, ile chafu iitwayo fifi kule.

Boke alijaza vizuri, kisha akakwama.

"Shemeji, 'samaki apandaye mto mvua ikinyesha.' Samaki wenu nitawajuaga vipi? Mimi ni sato na dagaa basi."

"Ruka. Jaza maneno yanayomkatiza."

"Linalomkatiza ni jina la mtumbwi wa mjomba wako!"

"Mtumbwi mashuhuri Bukima yote."

"Hapa ni Bunda! Ukifunga mlango, niachie dirisha. Weka samaki wako, ila wanaomkatiza wawe vitu ninavyoshika kila siku."

Mwikwabe akafuta mtumbwi kwa uchungu wa mtu anayechinja. Samaki wake, ningu, akabaki, amezungukwa na nyumba, chumvi na gunia.

Mwezi uliofuata zikaja bahasha kumi na moja, hakuna hata moja ya ukoo wake. Mwanahalima akamsomea ya Nyamburi wa Bunda: "Nilimaliza kabla ugali haujaiva. Huyo ningu sijawahi kumwona, lakini nimempata. Mwezi ujao kaza kidogo."

"Kabla ugali haujaiva!" Mwikwabe alifoka. "Miezi mitano nimewatesa, leo wananipikia ugali juu ya kichwa!"

"Basi ukurasa nitie dawa ya pamba?"

"Thubutu!" akasema, akavuta kiti.